Aproni ya Risasi na Picha ya Eksirei: Mgonjwa Hukingwa na Nini?

Somo letu la afya mwezi huu linahusu jambo ambalo familia nyingi hukutana nalo lakini chache huelezwa vizuri. Ni kinga ya mgonjwa anapopigwa picha ya eksirei. Mtoto ameanguka kutoka mti wa parachichi na mkono umevimba. Baba amepata ajali ya pikipiki kwenye barabara ya kwenda Kyela. Bibi anakohoa kwa mwezi mzima na amekonda. Wote hao, wakitoka Kawetele wakafika Makandana, hospitali yetu ya wilaya ya Rungwe, au Igogwe, au wakipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda kule Mbeya, huenda daktari akawaandikia karatasi ya kupiga picha.

Hapo ndipo maswali huanza. "Mbona mtaalamu amekwenda nyuma ya ukuta akaniacha mimi peke yangu?" "Mbona mwenzangu miaka ile alifunikwa aproni nzito, na mimi sikufunikwa kitu?" "Je, sitakosa uzazi?" Wengi hawayaulizi hospitalini. Huyabeba moyoni hadi nyumbani, wakamsimulia jirani, na jirani naye anapoandikiwa eksirei huamua kutokwenda. Hofu ya namna hii ina gharama. Kifua kikuu hakimsubiri mtu aondokewe na hofu, na mfupa uliounga vibaya humwacha mtoto na kilema.

Kwa sababu hiyo tumeona vema tueleze kwa utaratibu: mionzi ni nini, aproni ya risasi ilitoka wapi, kwa nini siku hizi wataalamu wengi duniani hawamfuniki tena mgonjwa, na kinga yake ya kweli iko wapi. Tunaomba somo hili lisomwe nyumbani kwa sauti, na mwishoni tumeweka maswali ya kujadili katika jumuiya.

1. MIONZI YA EKSIREI NI KITU GANI?

Miale ya eksirei iligunduliwa tarehe 8 Novemba 1895 na mwanafizikia Mjerumani, Wilhelm Conrad Röntgen. Kabla ya Krismasi ya mwaka huo alikwisha piga picha ya mkono wa mke wake, mifupa ikaonekana pamoja na pete kidoleni. Miale hii haionekani kwa macho wala haisikiki mwilini. Hupita kwa urahisi katika nyama na hewa, huzuiwa zaidi na mfupa, na huzuiwa zaidi sana na madini mazito kama risasi. Tunaposema risasi hapa hatuzungumzii silaha, bali madini yale mazito ya kijivu yanayotumika pia katika betri za magari.

Miale inapopita mwilini, sehemu yake huacha nguvu ndani ya chembe hai. Ikiwa nyingi mno huunguza ngozi. Ikiwa kidogo, kama katika picha za kawaida, mgonjwa haoni badiliko lolote, lakini wataalamu huhesabu kwamba kila kiasi huongeza kidogo sana uwezekano wa kupata saratani miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kanuni yao ni moja: tusitumie mionzi pasipo sababu, na tukiwa na sababu tutumie kiasi kile tu kinachotosha.

Tukumbuke pia kwamba hakuna mtu anayeishi bila mionzi. Ardhi, miamba, hewa tunayovuta, chakula tunachokula na anga lililo juu yetu, vyote hutoa mionzi ya asili. Kipimo chake huitwa milisiverti, na wastani wa dunia nzima ni milisiverti 2.4 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mji wetu wa Tukuyu uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kwa hiyo miale ya angani hutufikia kwa wingi kidogo kuliko mtu wa Tanga au Mtwara. Hatujaugua kwa sababu hiyo. Tukitumia mionzi hiyo ya asili kama mizani, picha za hospitali zinalingana hivi:

- Picha ya mkono au mguu: pungufu ya siku moja ya mionzi ya asili.
- Picha ya kifua: siku chache.
- Picha ya nyonga au tumbo: miezi michache.
- Siti skani ya kichwa: karibu mwaka mmoja.
- Siti skani ya tumbo: miaka mitatu au minne.

Msomaji ataona kwamba vipimo hivi havilingani hata kidogo. Anayeogopa picha ya kifua kama anavyoogopa siti skani ya tumbo anaweka debe la viazi na gunia zima kwenye mizani moja.

Jambo jingine la kufahamu ni kwamba mashine ikizimwa miale hukoma, kama taa inavyozimwa na chumba kikawa giza. Haibaki mwilini, wala kwenye nguo, wala ukutani. Mama anayenyonyesha akitoka kupiga picha ya kawaida ya eksirei anaweza kumnyonyesha mtoto wake pale pale. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti na MRI hutumia sumaku, kwa hiyo hivyo viwili havina mionzi ya namna hii kabisa.

2. APRONI YA RISASI ILITOKA WAPI?

Waliotangulia katika kazi hii hawakujua hatari yake. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison kule Marekani, alikuwa akiijaribu miale kwa mikono yake mwenyewe. Mikono iliungua, ikapata saratani, ikakatwa, na mwaka 1904 akafariki. Mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1936 ilijengwa nguzo ya kumbukumbu yenye majina 169 ya watumishi wa mionzi waliopoteza maisha kwa ajili ya kazi hiyo. Kutokana na misiba hiyo watumishi walijifunza kukaa nyuma ya ukuta na kuvaa aproni ya risasi.

Baadaye hofu ilihamia kwa mgonjwa. Mwaka 1927 Mmarekani Hermann Muller alionyesha kwamba mionzi hubadili urithi wa nzi wadogo wa matunda, mabadiliko yakapita kwa watoto wao. Mwaka 1945 mabomu ya atomiki yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki. Mwaka 1956 daktari Alice Stewart wa Uingereza alitangaza kwamba miongoni mwa watoto waliokufa kwa saratani, wengi kuliko ilivyotarajiwa walikuwa wamepigwa picha wangali tumboni mwa mama zao. Mashine za wakati ule zilitoa mionzi mingi, na filamu zilihitaji mwanga mwingi.

Basi ikawa busara kufunika viungo vya uzazi vya mgonjwa kwa kipande cha risasi. Desturi hiyo ilianza miaka ya 1950, na mwaka 1976 serikali ya Marekani iliipendekeza rasmi. Ikaenea duniani, ikafundishwa vyuoni, na wagonjwa wakaizoea. Walioianzisha hawakukosea: kwa mashine walizokuwa nazo na elimu waliyokuwa nayo, walitenda inavyopasa.

3. KWA NINI WATAALAMU WAMEBADILI MAWAZO?

Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilitangaza kwamba kufunika viungo vya uzazi vya mgonjwa, au mtoto aliye tumboni, kusiwe tena jambo la kawaida la kila picha. Mwaka 2020 vyama vya wataalamu wa mionzi vya Uingereza vilitoa mwongozo wa namna hiyo hiyo, na mwaka 2021 baraza la kinga ya mionzi la Marekani likaunga mkono. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilipendekeza kuacha aproni na kola ya shingoni kwa picha za meno. Sababu zao ni nne, na tunaomba msomaji azifuate moja baada ya nyingine.

Kwanza, mionzi yenyewe imepungua. Tangu miaka ya 1950 kiasi kinachofikia viungo vya uzazi katika picha ya nyonga kimeshuka kwa takriban asilimia 95, kwa kuwa mashine na filamu zimekuwa bora.

Pili, hofu ya urithi haikuthibitika kwa binadamu. Watoto waliozaliwa baadaye na wazazi walionusurika Hiroshima na Nagasaki wamechunguzwa kwa miaka mingi, na hawakuonyesha ongezeko la wazi la magonjwa ya kurithi. Tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi iliyokuwa ikivipa viungo vya uzazi uzito wa 0.25 katika hesabu zake za mwaka 1977, iliushusha hadi 0.20 mwaka 1990, na hadi 0.08 mwaka 2007. Picha ya kawaida haimfanyi mtu kuwa tasa. Kiasi kinachoweza kuua uzazi ni kile cha tiba ya saratani, kinachozidi picha kwa maelfu ya mara.

Tatu, aproni haizuii kile tunachodhani inazuia. Mtu anapopigwa picha ya kifua, kiasi kidogo kinachofika tumboni hakitoki nje. Hutawanyika ndani kwa ndani ya mwili, kama maji yanavyopenya chini ya udongo wa shamba. Aproni iliyowekwa juu ya ngozi haiwezi kuyazuia maji yaliyokwisha ingia ardhini.

Nne, na hii ndiyo nzito zaidi, aproni yaweza kuleta hasara. Katika picha ya nyonga kipande cha risasi chaweza kufunika mahali penyewe panapotafutwa, picha ikarudiwa, na mgonjwa akapata mionzi mara mbili. Kwa wanawake, tena, mahali pa ovari hutofautiana mtu na mtu, hivyo kipande hicho mara nyingi hakizifuniki. Zaidi ya hayo, mashine nyingi za siku hizi zina kipimo kinachopima miale iliyovuka mwili na kuizima mashine inapotosha. Risasi ikikaa mbele ya kipimo hicho, mashine hudhani mgonjwa ni mnene sana, ikaongeza miale. Kile tulichokiweka ili kupunguza, kikazidisha.

Hii haimaanishi kwamba aproni zitupwe. Hospitali nyingine bado huwafunika wagonjwa, na mtaalamu akikupa aproni isiyoziba mahali pa picha, huna haja ya kuikataa. Lakini usipopewa, usihesabu kwamba umedharauliwa au kwamba hospitali za mashambani hazijali watu.

4. MBONA MTAALAMU HUJIFICHA?

Swali hili huwaudhi wengi, nalo lina jibu rahisi. Fikiri jiko la kuni lenye moshi. Jirani anayeingia kuomba kaa la moto huvuta moshi kidogo akatoka. Mpishi anayekaa humo asubuhi hadi jioni, mwaka hadi mwaka, ndiye anayeharibikiwa macho na kifua. Mgonjwa ni yule jirani, na mtaalamu ni yule mpishi. Wewe umekuja kwa picha moja itakayokufaa, bali yeye akisimama karibu kwa kila mgonjwa atakusanya mionzi isiyomsaidia kitu.

Ndiyo maana mtumishi wa mionzi amewekewa kikomo cha milisiverti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na huvaa kifuani kibeji kidogo kinachopima kiasi alichopata. Mtu mwingine asiye mgonjwa wala mtumishi amewekewa kikomo cha milisiverti 1 kwa mwaka kutokana na shughuli hizo. Mgonjwa hakuwekewa kikomo cha namba, kwa sababu picha anayoihitaji ni kwa faida yake. Kinachotakiwa ni daktari awe na sababu, na mtaalamu asizidishe.

Umbali nao ni kinga. Ukisimama mita mbili kutoka chanzo cha miale badala ya mita moja, hupati nusu bali robo tu. Kwa hiyo ndugu wanaoambiwa wasubiri nje ya mlango wasione wamefukuzwa.

5. KINGA YA KWELI: PICHA INAYOHITAJIKA, IPIGWE VIZURI MARA MOJA

Tumefika kwenye kiini cha somo. Risasi inayomkinga mgonjwa zaidi hailali juu ya tumbo lake. Imo ndani ya mashine yenyewe. Chini ya kichwa cha mashine kuna vipande vya risasi vinavyofunguka na kufungika kama milango miwili ya dirisha, na mtaalamu huvisogeza ili miale iangukie mahali panapotakiwa tu. Taa ndogo humwonyesha mahali hapo. Ukilala mezani utaona mraba wa mwanga mwilini mwako, na miale itapita humo. Ikiwa ni kifundo cha mguu, mraba ukae kwenye kifundo. Kadhalika kuna bati jembamba la alumini linalochuja miale dhaifu ambayo ingeishia kwenye ngozi bila kuifikia filamu.

Pamoja na hayo, ubora wa picha ni kinga. Picha mbaya hurudiwa, na picha ikirudiwa mionzi huongezeka mara mbili. Ni nini huharibu picha? Mgonjwa kutikisika au kuvuta pumzi kabla ya wakati. Mkufu, shanga, kifungo cha chuma au sarafu mfukoni. Mtaalamu kukosea kipimo au kumlaza vibaya. Dawa za kusafishia filamu zilizochoka katika chumba cha giza. Mashine za kompyuta zimeondoa tatizo la dawa, lakini zina mtego wake: filamu ya zamani ikizidishiwa miale iligeuka nyeusi na kosa likaonekana, hali picha ya kompyuta ikizidishiwa hutoka nzuri tu, na kosa likajificha.

Jambo hili limepimwa, na Watanzania wamo kati ya waliolipima. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika nchi 12 za Afrika, Asia na Ulaya ya Mashariki kwa miradi ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mwandishi wake wa kwanza alikuwa mtaalamu wetu wa kinga ya mionzi, W. E. Muhogora. Waliona kwamba mahali pengine picha mbovu zilifikia hadi asilimia 53. Kiasi cha mionzi kilichowapata wagonjwa kilitofautiana hadi mara 88, ingawa wengi walikuwa ndani ya viwango vilivyokubaliwa. Kisha hospitali zikafuata utaratibu wa kusimamia ubora wa picha. Picha mbovu zikapungua, na mionzi kwa wagonjwa ikashuka, mahali pengine kidogo sana, mahali pengine hadi asilimia 85.

Tuitafakari hesabu hiyo. Kwa kuangalia mashine, vipimo na namna ya kumweka mgonjwa, palipatikana kinga ambayo aproni haiwezi kuitoa. Kwa hiyo tukiipenda hospitali yetu, swali la kuuliza katika vikao vya kata na vya bodi si "Aproni ziko ngapi?" tu, bali pia "Mashine imekaguliwa lini? Na picha ngapi hurudiwa?"

6. SHERIA YETU YASEMAJE?

Tanzania haikuliacha jambo hili bila mwenyewe. Bunge lilitunga sheria ya kinga ya mionzi mwaka 1983, Sheria Na. 5, iliyounda Tume ya Taifa ya Mionzi. Baadaye Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyochukua kazi hiyo. Tume ndiyo inayotoa kibali kwa kila mwenye mashine ya eksirei, awe serikali, shirika la dini au mtu binafsi. Wakaguzi wake hupima mashine, na huangalia kama kuta na milango ya chumba huzuia miale isiwafikie walio nje. Vile vibeji vya watumishi tulivyovitaja pia husomwa na Tume. Mwananchi akiona mlango wa chumba cha eksirei haufungwi wakati wa kupiga picha, au watu wamejazana ndani, ana haki ya kumweleza mganga mfawidhi kwa adabu. Huko si kuleta fujo.

7. MAMA MJAMZITO

Hapa tunaomba akina mama na akina baba wasome kwa makini. Tuchukue mfano wa mama wa Kawetele mwenye mimba ya miezi minne, anayekohoa kwa wiki tatu, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito. Daktari amepima makohozi, na bado anahitaji picha ya kifua. Mama anaingia chumbani na kusema, "Dada, samahani, nina ujauzito." Mtaalamu anajibu, "Ahsante mama kwa kunieleza. Karatasi ya daktari imeandika hivyo pia. Picha ni ya kifua tu, mtoto yuko mbali na miale. Simama hapa, kidevu juu, nikikuambia vuta pumzi, uizuie."

Mazungumzo hayo mafupi ndiyo kinga. Kiasi kinachomfikia mtoto katika picha ya kifua ya mama ni kidogo mno, pungufu ya kile anachopata kwa mionzi ya asili katika wiki chache. Kifua kikuu kisichotibiwa ndicho kinachoweza kumwua mama na mtoto pamoja. Picha za kichwa, mikono na miguu ni vivyo hivyo. Picha ya tumbo, nyonga au kiuno, na hasa siti skani ya sehemu hizo, ni jambo jingine: daktari atatazama kama ultrasaundi inatosha, au kama yaweza kungoja hadi mama ajifungue.

Kwa hiyo kila mwanamke ambaye siku zake zimechelewa, hata kama hana hakika, aseme kabla ya picha. Asisubiri kuulizwa. Wasichana pia waelezwe hivyo na mama zao au shangazi zao, maana binti huona haya kusema mbele ya baba yake. Ni vema mtaalamu amwulize akiwa peke yake.

Na ikiwa mama alipigwa picha kabla hajajua kuwa ni mjamzito? Asiogope, wala asikubali ushauri wa vichochoroni wa kuitoa mimba. Tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi ilieleza wazi mwaka 2000 kwamba kiasi kilicho chini ya miligrei 100 kwa mtoto aliye tumboni si sababu ya kuondoa mimba, na picha za kawaida za eksirei ziko chini sana ya hapo. Aende kwa daktari na karatasi zake, mionzi aliyopata ihesabiwe, aendelee na kliniki. Uhai wa mtoto usipotee kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna aliyeifanya.

8. WATOTO

Mwili wa mtoto unakua, chembe zake huumizwa na mionzi kwa urahisi zaidi, na ana miaka mingi mbele yake. Kwa hiyo mashine ipunguzwe kulingana na umbo lake, na picha isipigwe kwa sababu tu mzazi anaitaka.

Siti skani itazamwe zaidi. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya kufuatilia watu zaidi ya 170,000 waliopigwa siti skani utotoni au ujanani. Walikadiria kwamba katika kila watoto 10,000 wa chini ya miaka kumi wanaopigwa skani ya kichwa, mmoja zaidi angepata saratani ya damu na mmoja zaidi uvimbe wa ubongo katika miaka kumi inayofuata. Idadi hiyo ni ndogo. Mtoto aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu asinyimwe skani kwa ajili yake. Lakini mtoto mwenye kichwa kuuma kidogo asipelekwe Mbeya kutafutiwa skani ili mzazi atulie moyo.

Mtoto asiyetulia hushikwa na mzazi. Anayeshika avae aproni, asiwe mjamzito, na mikono yake isiingie ndani ya mraba wa mwanga. Mzazi na mtumishi wanapokuwa karibu na mashine, aproni bado ina kazi yake ya zamani.

9. YANAYOTUPASA SISI FAMILIA

a) Tuulize daktari kwa heshima: "Picha hii itatusaidia kuamua nini?" Daktari mwenye sababu hataudhika.

b) Tutunze picha na majibu ya zamani katika bahasha kavu, mbali na mvua zetu za Rungwe na moshi wa jikoni, tuende nazo kila tunapopewa rufaa. Picha iliyopotea ndiyo picha inayorudiwa.

c) Tusiilazimishe hospitali itupige picha ili tuone tumetibiwa. Mafua hayahitaji eksirei.

d) Tuvue mikufu, hereni na mishipi, tutoe simu na sarafu mifukoni.

e) Tutulie na kufuata maelekezo. Asiyesikia Kiswahili vizuri, kama bibi zetu wengine, aelezwe kwa Kinyakyusa kabla ya kuingia.

f) Mjamzito aseme. Aliyepigwa picha hiyo hiyo karibuni aseme.

g) Tusikatae picha inayohitajika kwa sababu hatukufunikwa aproni.

Kwa kifupi, wapendwa wasomaji, kinga ya mgonjwa ina nguzo tatu: sababu ya kweli, mashine iliyokaguliwa, na picha iliyopigwa vizuri mara moja. Aproni ilikuwa msaada wa wakati wake, na kwa watumishi na wenye kumshika mgonjwa ungali msaada. Lakini mgonjwa mwenye bahasha ya picha zake mkononi, aliyesema hali yake na kutulia mbele ya mashine, amejikinga kuliko aliyefunikwa risasi akanyamaza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni hofu gani kuhusu eksirei tumezisikia hapa kwetu? Ni ipi kati ya hizo imewahi kumchelewesha mtu kutibiwa?

2. Kwa nini mtumishi anahitaji ukuta wa risasi na mgonjwa anaweza kupigwa picha bila kufunikwa?

3. Nani katika familia yetu anatunza karatasi na picha za hospitali? Zimewekwa wapi?

4. Tutawasaidiaje wasichana na akina mama wasione haya kusema kuwa ni wajawazito au kwamba wanahisi hivyo?

5. Jumuiya yetu inaweza kufanya nini kwa mgonjwa anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi na anaogopa kwenda kupimwa?